Unataka kuhama Mombasa uje mji mdogo? Haya ndiyo ya Msambweni

Ndugu yangu wa Bamburi, nimesoma swali lako na majibu yote uliyopewa. Umesema umechoka na foleni, umechoka na maji ya mkokoteni, kazi yako unaifanya kwa intaneti, mkeo ni mwalimu na anaweza kuomba uhamisho, watoto bado wadogo, na mnatafuta mji mdogo uliotulia, karibu na bahari, maisha yasiwe ghali. Wengi wamekwambia nenda, huko ni peponi. Mmoja kakwambia utarudi mbio kabla ya mwaka kwisha.

Mimi nimezaliwa Majengo, nikakulia Likoni, na sasa ni miaka kadhaa nakaa Msambweni, kusini ya Likoni kama kilomita 50 kwa barabara ya Lunga Lunga. Mombasa naja kazi ikiniita, au harusi. Nitakueleza ninayoyaona, uamuzi mfanye na mama watoto.

Utulivu upo, hilo sikufichi. Usiku wa saa nne njia zimelala, duka lililo wazi ni moja au hakuna, na ukikosa mkate saa tatu usilale ukijidanganya utaupata. Mishikaki ya usiku wa manane uliyoizoea Mombasa, isahau. Kelele nazo zipo, ila si za magari. Komba wanalia kwenye minazi usiku kucha kama watoto wachanga waliotupwa, na usiku wa kwanza mke wangu aliniamsha nikatazame. Harusi ikiwa mtaa wa pili, spika zitapiga mpaka adhana ya alfajiri na hakuna wa kumwendea mwenye harusi kumwambia apunguze, maana jirani zake wote wako hapo hapo wanacheza. Ukienda ndani zaidi, upande wa Kinango, kuna disko matanga, zile ngoma za usiku kucha penye msiba, ambazo machifu wanazipiga marufuku kila mwaka na kila mwaka zinapigwa.

Lakini swali lako hasa lilikuwa maisha yakoje, na jibu langu fupi ni hili: unachookoa kwenye kodi utakilipa kwa muda. Watu wa mji mdogo wana haki juu yako, na haki hiyo hawaiombi, wanaichukua tu kama yao, nawe una ya kwako juu yao. Sijui nikueleze vipi mpaka uelewe, ngoja nikupe siku moja.

Nilikuwa kwenye simu na mteja wangu wa Ulaya, mchana wa saa nane. Spika ya msikiti ikakohoa. Hukohoa kila mara kabla ya tangazo, na hapa hata watoto wanaijua: kikisikika kikohozi na si wakati wa swala, kila mtu ananyamaza. Ikatangazwa kwamba bibi fulani, nyumba ya nyuma ya soko, amefariki, na maziko ni baada ya alasiri. Hazikupita dakika kumi, jirani mwenye duka alishateremsha mlango. Fundi cherehani akafunika mashine yake kwa leso. Vijana wa bodaboda wote wakageuza pikipiki kuelekea makaburini, wengine na majembe begani. Mimi nikamwambia mteja nitampigia baadaye. Yule bibi hata jina lake kamili nilikuwa silijui, tulikuwa tukisalimiana tu. Ila mwanawe ndiye aliyenitafutia watu wa kuchimba choo, na mjukuu wake anasoma madrasa moja na mwanangu. Kisha kuna hitima siku ya tatu, na kuna daftari la mchango. Kama wewe ni Mkristo hakuna atakayekulazimisha swala; utakaa chini ya mwembe na wanaume wengine, na utaonekana. Kuonekana ndiko kunakotakiwa. Usipotokea mara moja, mtu atasema labda alisafiri. Ukizoea kutotokea, hakuna atakayekusema usoni, na ukifiwa utajiona uko peke yako na jeneza lako.

Sasa fikiria una mkutano wa kazi kila siku saa nane. Hilo ndilo la kulipanga kabla hujapanga nyumba. Wateja wangu nimewazoesha kwamba alasiri sipatikani, na kazi nzito naifanya alfajiri, ambapo hata intaneti inakwenda vizuri zaidi.

Faragha nayo usiitarajie. Siku moja katikati ya wiki nilinunua kilo mbili za nyama badala ya nusu yangu ya kawaida. Kabla ya magharibi watu wawili walishaniuliza wageni wetu wametoka wapi. Muuza nyama kamwambia muuza mkaa, muuza mkaa kamwambia nani sijui. Hakuna ubaya ndani yake, ndivyo habari inavyotembea. Mtu akija kukutafuta toka Mombasa hahitaji kuelekezwa, ataletwa mpaka mlangoni, na huyo aliyemleta ataketi kidogo asikie amejia nini. Na mkeo ajiandae kwa hodi. Wanawake wa hapa hawapigi simu kwanza kuuliza kama uko nyumbani. Anaita hodi na ameshaingia uani. Mke wangu, aliyekulia kwenye gorofa za Buxton za zamani, hili lilimchosha kuliko giza na mbu wote. Siku hizi yeye ndiye anayeingia uani kwa watu.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni huu. Mwanangu aliwahi kufuata wenziwe mpaka ufuoni bila kuaga. Hata sijajua kama hayupo, kijana wa bodaboda akaniletea, amempakia mbele kwenye tangi, na njiani wamepita kwa bibi mmoja aliyemzaba kofi kwanza ndipo akamruhusu arudi nyumbani. Kule Mombasa huyo mtoto ningemtafuta mimi na polisi. Lakini nyinyi wazazi amueni mapema kama mnaweza kuishi na hilo kofi, maana litakuja, na mpigaji atawapitia jioni awaambie kwamba amempiga na sababu yake.

Habari ya maisha ya bei rahisi, hapa watu wa mjini wanadanganyana sana. Kodi ni nafuu, hilo kweli, na nyumba utapata na uwanja wa mbele na mti wa kivuli. Chakula hesabu yake ni nyingine.

Chukua samaki. Ukikaa Bamburi unadhani kwenye kijiji cha wavuvi samaki ni wa kuokota. Wavuvi wengi hapa chombo si chao wala nyavu si zao. Ni za tajiri, na tajiri huyo ndiye aliyewakopesha unga wakati wa Kusi, upepo wa kusini unaochafua bahari. Kwa hivyo chombo kikifika, samaki anakwenda kwenye mzani wa tajiri, kwa bei ya tajiri, anatiwa barafu, na jioni yuko Ukunda au hotelini Diani au kwenye jiko la mtu huko huko kwenu. Ukishuka pwani na pesa zako mkononi, mvuvi atakutazama kwa huruma. Hana ruhusa ya kukuuzia. Wanaobaki ni wale wadogo, tasi na pono wa size ya kiganja, na vibua wakiwapo, na hao wananunuliwa na kina mama karanga, wale wanaokaanga na kuuza kando ya njia ikifika jioni. Dawa yake ni kuwa mteja wa mama karanga mmoja, kila siku, hata siku ambayo hukutaka samaki. Wetu tunamwita shangazi. Changu mzuri akipenya kwenye fungu lake, anamfunika kwa jani la mgomba chini ya karai, na mwanangu akipita kutoka shule anapewa amlete.

Na majira yana neno lake. Kaskazi bahari imetulia, toka mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa tatu hivi, karai la shangazi linajaa. Kusi ikianza, mitumbwi midogo na ngalawa hazivuki mwamba, kuna wiki nzima unakula dagaa waliokaushwa na maharagwe. Ulisema mtakuja kutazama mji mwezi wa kumi na mbili wakati wa likizo. Huo ndio mwezi unaodanganya watu. Bahari shwari, embe dodo na ngowe zinaozea chini ya miti, korosho zinachomwa kila ua, watu wamerudi likizo na pesa mfukoni. Njoo mwezi wa tano, mvua ya masika inanyesha na njia ya kufika nyumba utakayopanga imekuwa tope, ndipo utazame kama bado unapapenda.

Nyanya, vitunguu, viazi na kabeji vinatoka bara, vinashukia Kongowea, vinavuka feri, ndipo vinatufikia. Kwa hivyo unakula nyanya ile ile ya Kongowea uliyokuwa ukiinunua kwenu, na nauli juu yake. Cha nafuu ni kinachoota hapa: nazi, muhogo, kunde, mchicha, ndizi, na machungwa msimu wake. Ukibadilisha mapishi yafuate shamba, utaona tofauti mfukoni. Ukiendelea na chipsi na sukuma kila siku, hutaona kitu.

Pesa taslimu zina siku zake. Mabenki mengi na maduka makubwa yako Ukunda. Huku tunategemea wakala wa M-Pesa, na wakala wa mji mdogo anaishiwa. Zile 2,000 za kila mwezi za wazee, za Inua Jamii, zikitolewa baada ya kuchelewa, wazee wanapanga foleni toka asubuhi na kufika saa sita hakuna wakala mwenye noti. Mishahara ya walimu ikiingia ni vivyo hivyo. Weka akiba ndani ya nyumba, kidogo, na usiwaambie watu.

Maji, ambayo umesema ndiyo yaliyokutoa roho. Mombasa inakunywa maji ya watu: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere ya milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Viwili katika hivyo viko Kwale yetu, na barazani hapa hawachoki kukukumbusha ukijitia mtu wa mjini. Sisi huku wengi tunachota kisima au tunanunua kwenye bomba la jamii. Kisima kilicho karibu na ufuo maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha. Kwa hivyo kabla hujalipa kodi ya mwezi wa kwanza, omba kikombe uonje, usiulize, onja. Pale Gazi, kijiji unachokipita kabla ya kufika kwetu, pesa za mradi wa Mikoko Pamoja, ule wa kutunza mikoko na kuuza hewa ya ukaa, zimesaidia maji ya kijiji na shule. Ukiwa na wageni wa Jumapili wapeleke hapo, kuna daraja la mbao la kina mama linalopita katikati ya mikoko, na nyumba ya Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewapiga Waingereza vita 1895 na 1896.

Stima inakatika zaidi wakati wa Kusi, kuti likiangukia waya basi. Nina sola ndogo na betri ya kuendesha kompyuta na kisanduku cha intaneti, na laini za simu za kampuni mbili tofauti. Kwa kazi yako usije bila hivyo.

Shule sina mengi. Mkeo ni mwalimu, ataziona mwenyewe na kuzipima kuliko mimi. Watoto watashika Kidigo, lugha ya Wadigo wa hapa, kabla yenu, na mtaanza kusemwa mezani kwenu msielewe.

Hospitali. Msambweni tuna bahati ambayo miji midogo mingi haina, maana hospitali ya rufaa ya kaunti iko papa hapa. Ndiyo sababu mimi nilichagua hapa badala ya Vanga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, ambako moyo wangu ulipapenda zaidi. Hata hivyo yapo mambo utaambiwa uende Makadara, hospitali kuu ya Pwani kule Mombasa, na zamani hilo lilikuwa na maana ya feri. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu imefunguka, unazunguka mpaka Miritini bila kupanda feri, ingawa ukishatokea huko foleni ya Changamwe bado inakungoja. Malaria ipo kuliko mjini. Vyandarua kila kitanda, na mtoto akipata homa apimwe siku hiyo hiyo.

Ulisema pia mkipapenda mtanunua ploti. Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wa Mombasa wakilia.

Usinunue mwaka wa kwanza. Panga nyumba, kaa, kunywa kahawa barazani, na historia ya kila shamba utaielewa bila kuuliza. Kwanza, jua kwamba huku mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Unaweza kuuziwa shamba na aliye na haki ya kuliuza, kisha siku ya pili ukakuta mtu yuko juu ya mnazi anaangua nazi, ukimuuliza anakwambia minazi hii ni ya bibi yake, iliwekwa rehani au iligawiwa kitambo. Na hakudanganyi. Kwa hivyo kwenye makubaliano miti iandikwe, mmoja mmoja, na ya nani. Pili, Wadigo tangu zamani urithi ulikuwa ukipitia upande wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, kisha ikaja sheria ya Kiislamu ya mirathi, na familia nyingi mambo hayo mawili hayajamalizana. Ukiambiwa "mjomba hajakubali", usicheke. Kaa chini umsubiri mjomba.

Tatu, hatimiliki yenyewe. Ukanda huu wa pwani una kidonda cha sheria ya 1908 ya hati za ardhi: aliyejitokeza kudai akaandikiwa, na wengi ambao hawakujitokeza mashamba yao yakahesabiwa ya serikali au ya mwingine. Ndiyo asili ya maskwota wengi unaowasikia. Basi unaweza kushika hati safi kabisa, ukaenda kwenye shamba ukakuta makaburi ya babu zao na nyumba tano za wajukuu. Sheria inaweza kuwa upande wako na bado usiweze kulala hapo. Fanya serchi kwenye ofisi ya ardhi Kwale, hakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, na kama ni ardhi ya kilimo lazima ipite bodi ya ardhi. Karatasi iliyogongwa muhuri mbele ya chifu ni ushahidi tu kwamba mlionana. Na kama shamba limepakana na msitu wa kaya, ule mtakatifu wa Wamijikenda, usiguse mti hata mmoja mpaka uonane na wazee.

Ukishafika, kabla ya kushusha vyombo kwenye gari, mtafute mzee wa mtaa umsalimie na umwambie wewe ni nani na umetoka wapi. Utaulizwa ukoo. Taja mpaka babu. Mimi nilipotaja wa kwangu, mzee akakaa kimya akihesabu kwa vidole, kisha akaniambia shangazi ya babu yangu aliolewa kisiwa cha Funzi. Sijawahi kulithibitisha, lakini tangu siku hiyo mimi si mgeni, ni mtu wa Funzi.

Umeuliza kama uuze gari kwa kuwa mji wenyewe ni mdogo. Usiuze. Kutembea utatembea, kazi hufiki kwa gari, na sokoni ni hatua chache. Lakini mtaa mzima utajua una gari, na mama mjamzito wa nyumba ya tatu uchungu ukimshika usiku, mlango utakaogongwa ni wako. Kituo cha mafuta usiku kimefungwa, kwa hivyo tangi lisishuke chini ya robo.